Vikombe vya Paskalia Kwenye Umande

Asubuhi ile January alitoka ndani akiinua miguu kama korongo. Miguu haikuwa na tatizo. Uwanja ndio ulikuwa na tatizo. Kuanzia kizingitini hadi karibu na banda la mbuzi, juu ya majani vilipangwa vikombe. Vikombe vya kaure thelathini na kimoja, midomo juu, kila kimoja na kisahani chake ubavuni, vinapigwa umande.

Kule juu Newala maji ni ya kufuata bondeni. Mwanamke akitoka na mtungi alfajiri, anarudi jua limeshapanda na shingo imezama mabegani. Serikali ilileta bomba, lakini bomba lenyewe lilikuwa na tabia za mgeni: linakuja siku mbili, linapotea wiki. Sasa umwambie nani kwamba maji yale yaliyopanda mlima kichwani ni ya kuoshea vikombe ambavyo hakuna anayevinywea? Paskalia alilijua hilo. Kwa hiyo aliviosha kwa umande. Mwezi wa saba umande wa Newala ni mzito, unalowesha kanga hadi magotini. Jioni alivipanga nje, asubuhi alivifuta kimoja kimoja kwa kipande cha shuka kuukuu.

Kazi ya January ilikuwa moja tu, kutembea. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa ameijua njia. Unatoka mlangoni, unapita kati ya Mabel na Arthur, unamzunguka Dadi, unamruka Walter, ndipo unafika chooni.

Hayo yalikuwa majina ya vikombe.

“Baba Bertila, umeamka?”

“Nimeamka.”

“Tembea vizuri.”

“Si natembea.”

Paskalia alikuwa amechuchumaa chini ya ukingo wa paa. Ukungu wa usiku ulikuwa umedondoka kutoka kwenye nyasi za paa, tone baada ya tone, ukaingia ndani ya Mabel. Maji yalifika kama mafunda mawili. Siku zote akiyakuta maji ya namna hiyo huyamwaga kwenye shina la mpapai. Siku hiyo aliyatazama. Akatazama njiani kama mtu anayetaka kuiba. Akainua kikombe, akanywa funda moja. Kilichobaki akamnyooshea mumewe, naye January akanywa, amesimama vile vile mguu mmoja hewani.

Halafu Paskalia akasema neno. January akacheka, akaenda zake. Neno lenyewe hakulitia maanani sana siku ile. Alikuwa na haja.

Kesho yake Paskalia alianguka shambani, jembe mkononi. Alikuwa amefariki kabla hawajamfikisha nyumbani. Ulikuwa mwaka ule Msumbiji walipopata uhuru wao, mwezi mmoja tu baadaye.

*

Mambo ya vikombe yalianza Nachingwea, wakati wa karanga. Waingereza walikuja na matrekta, wakasema watalima karanga za kulisha Ulaya nzima. January aliajiriwa kung'oa visiki. Paskalia alifua nguo nyumbani kwa bwana mmoja aitwaye Arthur na mkewe Mabel. Visiki vya huko vilikuwa vigumu kuliko Ulaya. Baada ya miaka michache matrekta yalilala, na inasemekana karanga zilizopandwa zilikuwa nyingi kuliko zilizovunwa.

Siku ya kuondoka, Mabel alimwita Paskalia jikoni akampa kikombe. Cheupe, chembamba, kina maua madogo ya waridi na mstari wa dhahabu mdomoni. Arthur alipoona mkewe katoa, naye akaona aibu, akamfuata January nje akampa cha kwake. Hicho cha Arthur kilikuwa na kitu cha ajabu ndani: kipande cha kaure kimekatiza mdomoni kama daraja, na tundu pembeni. January alikigeuza geuza. Alidhani ni kibovu. Baadaye mpishi alimweleza kwamba ni kikombe cha mwenye sharubu. Sharubu zinakaa juu ya daraja, chai inapita chini, bwana halowi.

“Hiki ni changu,” January alimwambia mkewe njiani.

“Ulikifua wewe?”

“Vikombe havifuliwi.”

“Basi nilikiosha mimi. Ni changu.”

January hakubisha. Lakini mwaka ule wote alifuga sharubu. Zilipokolea, alikaa mbele ya Arthur akasubiri. Paskalia akamtilia uji kwenye kikombe cha bati.

“Umependeza,” akamwambia. “Kula.”

Alizinyoa wiki hiyo hiyo.

Tangu hapo kukusanya vikombe ikawa ndiyo tabia ya mkewe. Akisikia Mzungu anahama, Mhindi anafunga duka, padri anabadilishwa, Paskalia anakamata kuku miguu anaondoka. Hakujua kusoma. Ila alikuwa na kipimo. Anainua kikombe juani, anaweka kidole nyuma yake. Kidole kikionekana kama kivuli ndani ya kaure, kikombe ni chenyewe. Kisipoonekana, anakirudisha, anasema asante, anarudi na kuku wake. Akisharidhika na kidole, anakigonga kwa ukucha na kukitegea sikio. Wenye maduka Newala walimwogopa. Mmoja alisema heri aje mkaguzi wa serikali kuliko mama yule, kwa sababu mkaguzi hagongi.

Walter alipatikana Lukuledi, misheni. Bruda Walter alikuwa seremala, Mjerumani, mtu wa maneno machache. Kikombe chake kilikuwa na panga mbili za buluu chini, zimepishana. Alikitoa kwa jogoo mmoja. Jogoo yule alikuwa anawika saa tisa ya usiku, na kwa miaka mingi Bruda Walter alipokutana na Paskalia barabarani hakumsalimia, alimtazama tu. Paskalia naye alimpungia mkono.

Dadi alikuwa mfanyabiashara wa Newala mjini, na kikombe chake ni hadithi ndefu, na mwisho wake ni kuku wawili.

*

Ukaja wakati wa vita ya Msumbiji. Mreno alikuwa ng'ambo ya Ruvuma, na ndege zake zilisikika upande wetu. Chama kikaamuru kila kaya ichimbe handaki. January alichimba siku nne, udongo mwekundu, handaki la kuwatosha watu wawili wakijikunja. Aliridhika nalo. Alilifunika kwa magogo.

Siku ndege ya kwanza iliposikika, alikimbia kutoka shambani, akaruka ndani, na hakufika chini. Handaki lilikuwa limejaa. Vikombe vyote vilikuwemo, vimefungwa kwenye sufi na majani ya mihogo, na Paskalia amejibana kwenye kona akiwa amempakata Walter.

“Mimi nikae wapi?”

“Hapo hapo mlangoni.”

“Paskalia, ni bomu hilo linakuja!”

“Wewe una mfupa, utaungika. Walter haungiki.”

January akaingiza kichwa na mabega. Sehemu nyingine yote ilibaki nje. Jirani yao Mohamedi, fundi baiskeli, alikuwa katika handaki lake na mkewe Kibibi, mikono kumi kutoka hapo, na alikuwa anaona kila kitu.

“Mzee January! Shusha makalio! Mreno atadhani ni mzinga!”

“Funga mdomo, Mohamedi, atasikia!”

Ndege ikapita. Haikuangusha kitu. Kibibi alicheka hadi akatapika. Na kila siku ya ndege ikawa ni hivyo hivyo, mpaka January akazoea, akawa anajifunika mkeka kwa nyuma, kwa heshima tu.

Wakimbizi nao walivuka mto. Mmoja wao, Severina, alikuja na mtoto mgongoni na kisahani kimoja cha Kireno mkononi, cha rangi ya bahari, hana kingine. Alifanya kazi nyumbani kwa afisa, nyumba ikaungua, akakimbia na kile alichokuwa anakifuta. Paskalia alimpa kanga mbili na makopa ya muhogo ya kula mwezi mzima, akachukua kisahani. Uhuru wao ulipofika, Severina akapita kuaga. Paskalia akaingia ndani, akatoka na kisahani kile.

“Chukua. Mwenzake atakuwa anakitafuta.”

“Mwenzake aliungua, mama.”

“Huwezi kujua.”

January alikuwepo. Alishangaa. Ilikuwa mara ya kwanza kuona chombo kinatoka katika nyumba ile kwenda moja kwa moja.

*

Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wamehamishwa. Lori lilikuja na mgambo, watu wapakie mizigo, waende kijijini wakaishi pamoja. Paskalia alilitazama lori, akaitazama barabara, akasema yeye hapandi. Aliteremsha vilindo viwili vya magome, akavijaza unga wa muhogo, akazika vikombe ndani ya unga. Akabeba kimoja kichwani, January cha pili. Walitembea siku nzima. Lori liliwapita, likakwama, wakalipita wao. Kwa miezi miwili baadaye unga wa nyumba ile ulikuwa ukitoa visahani. January alishawahi kukuta kimoja katikati ya ugali, amekimega.

Kijijini mwenyekiti alipata habari za vikombe. Alikuwa anatarajia mgeni kutoka wilayani. Akaja na wajumbe wawili.

“Mama Bertila, shikamoo.”

“Marahaba.”

“Sisi sasa ni wajamaa. Kilicho cha mmoja ni cha wote. Mgeni anakuja, tunaomba vikombe.”

Paskalia alifikiri.

“Vichukueni. Lakini msitie kitu ndani.”

“Mgeni atakunywaje?”

“Hilo mimi sijui. Mimi nimetoa vikombe.”

Wakajadili ofisini nusu siku, na azimio likapita. Mgeni alipofika alikuta meza imetandikwa kitambaa, mbele yake kikombe cha waridi na mstari wa dhahabu, kitupu, na kando yake bati la chai. Paskalia alikuwa amekaa kwenye mkeka hatua tatu tu kutoka mezani, anamtazama mikono. Mgeni akatazama kikombe, akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama juu. Mgeni alikuwa mtu mwenye adabu. Alikiinua kile kitupu kwa vidole viwili, akakipeleka mdomoni, akameza hewa, akakirudisha taratibu kwenye kisahani.

“Chai nzuri,” akasema.

“Karibu tena,” akasema Paskalia.

Ndipo akanywa ile ya bati.

*

Basi Paskalia akafa, akazikwa, watu wakakaa matanga.

Siku ya tatu akafika kaka yake, Gervas, kutoka Chiungutwa, kwa baiskeli, vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa amechelewa kupata habari. Kwa Wamakonde wa kule watoto ni wa ukoo wa mama, na mume, hata akae miaka arobaini, ni mtu aliyekuja. Kwa hiyo Gervas ndiye aliyekuwa mwenye msiba. January alikuwa mwenye huzuni tu.

Gervas alilia kwanza. Alilia vizuri, kwa sauti, mpaka mbuzi wakanyamaza. Kisha akanawa uso, akaita wazee, wakakaa mkekani.

“Tumalize kazi,” akasema. “Vyombo vya marehemu vitobolewe, vikawekwe kaburini. Vikibaki vizima atarudi kuviulizia.”

“Akirudi si vizuri?” akasema January.

Watu wote wakageuka.

“Shemeji, usiseme hivyo mbele za watu.”

“Nimeuliza tu.”

“Viko wapi?”

Bertila, binti yao pekee, aliyekuwa amekuja kutoka Mkomaindo, ndiye aliyekwenda ndani akavileta, kilindo kwa kilindo. Vikapangwa mkekani. Jua likaviangukia vikawaka. Gervas hakuwa ameviona vyote pamoja hata siku moja.

“Vyote hivi?”

“Vyote, mjomba.”

“Haya. Leteni nyundo na msumari.”

January akavisogelea. Miaka yote alivilalamikia vikombe vile. Alishawahi kuapa kwamba siku moja atamwaga chai ndani ya Walter na kuinywa mbele ya watu. Sasa alivitazama na kuona kwamba vikivunjwa, kesho asubuhi atatoka mlangoni na kutembea moja kwa moja hadi chooni, mguu baada ya mguu, kama mtu yeyote. Hilo hakuweza.

“Hakuvinywea,” akasema.

“Nani?”

“Marehemu. Mila inasema vyombo alivyolia chakula na kunywea. Hivi hakuvinywea.”

“Miaka yote?”

“Ulizeni watu.”

Wazee wakanong'onezana. Wakaona ni kweli, mila inasema hivyo, na jambo lenyewe lahitaji mashahidi. Wakamwita Kibibi.

“Mimi ni shoga yake,” Kibibi akasema, kanga mdomoni. “Nimekaa naye toka kule mahameni hadi hapa. Chai yake ni kwenye bati. Lile lenye mdomo wa buluu, limebanduka ubavuni. Siku ya Idi nikamwambia, shoga, leo nitilie kwenye kile cha maua, sikukuu hii. Akaniambia, Kibibi, nakupenda, lakini si hivyo.”

Wanawake wakacheka huku wanalia.

Akaitwa Mohamedi. Yeye akaeleza habari za handaki, kwa kirefu kuliko ilivyotakiwa, na akasimama kuonyesha namna makalio yalivyokuwa. Mwenyekiti akatoa ushahidi wa mgeni wa wilayani aliyekunywa hewa.

Mzee mmoja, mkubwa kuliko wote, akauliza, “Sasa kama hakuvinywea, na hakumpa mtu, vilikuwa vyombo au vilikuwa nini?”

Kibibi ndiye aliyejibu mwishowe.

“Vilikuwa watu. Alikuwa anavisalimia.”

“Watu hatuwatoboi,” akasema mzee.

Katekista, aliyekuwa amekaa pembeni muda wote akijifanya hasikii mambo hayo ya mila, alionekana kupumua.

Gervas akainua mikono. “Basi. Litobolewe bati. Hivi ni vya Bertila, mwanawe.”

“Vikae hapa hapa kwa baba,” Bertila akasema.

Mambo yakawa yamekwisha. January alikuwa ameshinda, na hakuwa mtu wa kushinda mara nyingi. Likaletwa bati. Mohamedi akalipiga msumari mara moja, tundu likatoka. Gervas akalipokea, bati lenyewe limebanduka, lina kutu kwenye kishikio, akasimama kwenda kaburini.

January akalitazama lile bati likiondoka.

Akafikiri: anakwenda nalo kule. Mabel naye, kwa umri aliokuwa nao, yumkini alishatangulia. Atakuwa amekaa mahali, ana seti mpya. Paskalia atafika na bati lenye kutu, na atakaa nalo milele, na Mabel atatabasamu kama Wazungu wanavyotabasamu. Na Paskalia alishakunywa mara moja kwenye kaure. Anajua ladha yake. Na anayejua kwamba anajua ni mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo amenyamaza ili abaki na vikombe vyake.

“Ngojeni,” akasema.

Gervas akasimama.

“Alikunywa. Mara moja. Kwenye kile cha waridi.”

“Shemeji! Si umesema—”

“Nimesema ulizeni watu. Watu hawakumwona.”

“Alikunywa nini?”

“Umande.”

Wakarudi mkekani, wakakaa upya. Sasa lilikuwa suala zito. Wengine wakasema umande si kinywaji, ni hali ya hewa. Wengine wakasema maji ni maji. Mohamedi akasema kwao ukimeza umande makusudi mfungo umevunjika, basi ni kinywaji. Hilo likakubalika.

“Alimeza?” akauliza mzee mkubwa.

“Alimeza.”

“Una hakika hakusukutua tu?”

“Nilikuwa namtazama kooni.”

“Na yaliyobaki alimwaga?”

January alikohoa. “Nilikunywa mimi.”

Hapo mila ilikuwa haijapata kufika. Chombo cha aliyekufa kinatobolewa. Chombo cha aliye hai hakitobolewi, ukikitoboa umemtoboa mwenyewe. Sasa kikombe hiki kimoja nusu yake ni ya marehemu, nusu ni ya mtu aliyeketi hapa, na bado anahema.

“Ulinywea upande gani?” akauliza mzee.

January akakichukua kikombe. Akakishika kama alivyokishika Paskalia, akakigeuza kama alivyompa.

“Yeye hapa, karibu na waridi la kushoto. Mimi huku.”

“Basi kitobolewe upande wake.”

“Lakini kisipasuke,” akasema January. “Atoboe fundi. Si msumari.”

Mohamedi akaenda kuchukua keekee anayotobolea vyuma vya baiskeli. Akakikalisha kikombe juu ya nguo, akashika ncha, akasita. Kaure ikipata joto inapasuka, akasema. Inataka maji, tone tone, mpaka mwisho. Bomba lilikuwa limekauka tangu juzi. Watu wakatazamana. Kibibi akainuka bila kusema, akaenda nyumbani kwake, akarudi na mtungi aliokuwa ameutoa bondeni asubuhi ile. Akachuchumaa, akachovya vidole, akaanza kudondosha. Ilikuwa mara ya kwanza kabisa maji ya bondeni kutumika kwa vikombe vya Paskalia, na mwenyewe hakuwepo kukataza.

Keekee ilizunguka tangu jua la saa tano mpaka adhuhuri ikapita. Watoto walinyamazishwa. Kaure ililia kwa sauti nyembamba, na Mohamedi akatoka jasho puani. Mwishowe ncha ikapita. Kikombe kilikuwa kizima. Chini ya mdomo, karibu na waridi la kushoto, palikuwa na tundu dogo kama punje ya mtama.

Gervas akachungulia. “Dogo mno hili.”

“Kwani unataka apite yeye mwenyewe?” akasema Mohamedi, akifuta jasho.

Mzee mkubwa akasema linatosha. Wakaenda kaburini wote. Bati likawekwa miguuni. Kikombe, na kisahani chake, January akakiweka kichwani mwa kaburi yeye mwenyewe, mdomo juu, tundu likielekea kwa Paskalia, upande mwingine ukielekea njiani. Gervas hakumkataza. Aliporudi nyumbani alifunga mkoba wake kwenye baiskeli, akamshika January mkono kwa muda mrefu.

“Shemeji, ungenyamaza, ungebaki navyo vyote.”

“Najua.”

Jioni Bertila alitaka kuvirudisha vikombe kwenye vilindo. January akamwambia aache. Akavitoa nje mwenyewe, kimoja kimoja, akavipanga kwenye majani kama vilivyokuwa vinapangwa. Arthur hapa. Dadi kule. Chini ya ukingo wa paa aliacha mahali patupu.

Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa mpaka mlangoni. January alitoka, akainua mguu. Akapita ubavuni mwa Arthur, mahali patupu akapakwepa vile vile kama kuna kitu. Akamzunguka Dadi. Alipofika kwa Walter akasita, mguu hewani, kwa sababu kwa miaka yote hapo ndipo alipokuwa akiambiwa atembee vizuri, na leo kulikuwa kimya, ila matone ya paa yakidondokea majani.

Akasimama hivyo hivyo, mguu mmoja. Ndipo neno lile la asubuhi ile likamrudia lote, na sauti yake, jinsi alivyolisema akifuta midomo kwa upande wa kanga:

“Tamu. Kumbe Mabel alikuwa anakunywa hivi miaka yote ile. Haya sogea hapo, Baba Bertila, unamkanyaga Walter.”